Moyo Mmoja, Migongo Miwili: IST na Probox kwa Mtu wa Tanga

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa dada yangu Chumbageni kunywa chai, nikajikuta hakimu wa kesi ambayo sikuiomba. Yeye na mumewe wamedunduliza miaka mitatu ili wanunue gari lao la kwanza. Dada ni mwalimu. Shemeji ana duka la vyakula Makorora, na kila wiki hufuata mzigo Muheza. Dada anataka Toyota IST, shemeji anataka Probox, na fedha ni ya gari moja tu.

"Kaka, hebu sema kweli, gari la magunia nitaendea nalo harusini?" dada aliniuliza huku akimimina chai.

Shemeji hakungoja nijibu. "Na hicho kijigari chako utapakia nini, mkoba?"

Nimekaa na IST miaka minne. Probox ya binamu yangu niliiendesha miezi minane alipokuwa safarini, kwa hiyo zote mbili nazijua kwa mgongo na kwa mfuko. Kesi ya dada na shemeji si yao peke yao, maana karibu kila mwezi kuna mtu ananiuliza swali hilohilo. Ndiyo sababu nimekaa niliandike jibu lote mara moja.

Kwanza, ubishi wa injini tuuweke kando

Magari haya ni ndugu. Toyota iliyatoa yote mawili nchini Japani mwaka 2002, IST mwezi Mei na Probox mwezi Julai. Yote yametoka katika ukoo wa Vitz, na injini zake ni zilezile: 2NZ-FE ya cc 1,298 na 1NZ-FE ya cc 1,496. Ukimsikia mtu kijiweni anaapa kwamba injini ya Probox ni ngumu kuliko ya IST, mwache amalize kahawa yake.

Tofauti inaanzia nyuma ya kiti cha dereva. IST ilichorwa kwa ajili ya kijana wa mjini: fupi, karibu mita 3.86, imejaa mabegani, rimu zake ni za inchi 15, na geji zimekaa katikati ya dashibodi. Probox ilichorwa kwa ajili ya makampuni ya Japani yanayowapa magari mafundi na wauzaji wao. Ni kama boksi lenye magurudumu, mita 4.2 hivi, na ndani kuna kimeza cha kuvuta katikati ya dashibodi ili mfanyakazi aweke karatasi zake na chakula cha mchana.

Kwa hiyo nitayapima kwa mambo matano: mzigo na watu, njia unazopita, mafuta na fundi, kununua na kuuza, na la tano ni lile watu wanaloona haya kulisema, yaani sura. Hayana uzito sawa. La kwanza ndilo huamua kesi nyingi, nami nitakaa hapo zaidi.

Mzigo na watu

Fungua mlango wa nyuma wa Probox ya mizigo uangalie vizuri. Mara nyingi utakuta kistika kidogo chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu 400, na pembeni yake 250 ndani ya mabano. Hicho si pambo. Maana yake ni kilo 400 za mzigo mkiwa wawili mbele, na kilo 250 mkijaa watu watano. Kwa lugha ya Tanga, kilo 400 ni mifuko minane ya saruji. Najua umeshaona Probox imebeba kumi na tano ikielekea Mabokweni na haikuanguka, lakini shokapu zake na breki zake zilikuwa na maneno yao.

Kiti cha nyuma kikilala, sakafu inakuwa tambarare kama jamvi. Inaingia baiskeli, godoro lililokunjwa, kabati dogo, makreti ya soda. Kwa mfanyabiashara hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kila safari ya kirikuu cha kukodi ni fedha inayotoka.

Kiti chenyewe ndicho kinachokulipisha. Katika Probox nyingi za mizigo kimesimama wima, sponji yake ni nyembamba, na mara nyingi hakina mito ya shingo. Nilimpeleka mama Dar na ile ya binamu, kama kilomita 350. Tulipofika Chalinze alishuka kunyoosha miguu, akashika kiuno, akaniuliza, "Mwanangu, hili gari lina kiti au lina benchi?" Sikuwa na la kumjibu. Watoto wadogo watalala popote, ila mtu mzima mwenye mgongo wake atakulaani kimoyomoyo.

Hapa kuna siri ambayo madalali hawaisemi, pengine kwa kutoijua. Ipo Probox ya abiria, namba yake ya chasisi huanza na NCP58 au NCP59. Hiyo kiti chake cha nyuma ni cha kibinadamu zaidi. Yupo pia pacha wake aitwaye Succeed, mrefu kidogo na aliyevaa vizuri zaidi ndani. Kama shida yako ni mgongo wa bibi na wakati huohuo unataka buti kubwa, tafuta mojawapo ya hizo kabla hujaamua kwamba lazima uchague kati ya raha na mzigo.

IST nayo ina kiti cha nyuma cha kukaliwa na watu. Wawili wanakaa kwa raha, watatu kwa kuvumiliana. Buti linatosha manunuzi ya soko la Mgandini, begi mbili za safari, au mtungi wa gesi na ndoo. Viti vya nyuma vinalala, kwa hiyo si kwamba haibebi kitu kabisa. Shida ni mazoea. Mwaka wa pili nilijidai, nikapakia magunia matatu ya machungwa kutoka Muheza. Nyuma ikakaa chini kama kuku anayeatamia, na kwenye tuta la Pongwe tairi likasugua ndani ya matao, nikaisikia harufu ya mpira hadi nyumbani. Kosa lilikuwa langu, gari halikuumbwa kwa kazi ile.

Fanya hivi kabla ya kubishana. Chukua karatasi, kwa wiki mbili andika kila siku ulichobeba na uliyempakia, au ambacho ungebeba kama ungekuwa na gari. Usiandike unachofikiria utabeba. Watu wengi hununua gari la siku mbili za mwaka, ya kuhama nyumba na ya kupeleka mahari, kisha siku 363 wanaendesha boksi tupu linalopiga kelele.

Njia unazopita

Mjini Tanga, kwenye lami ya Raskazone, Chumbageni hadi Kange, zote mbili ni sawa. IST kwa ufupi wake inaegeshwa kirahisi zaidi kwenye vichochoro vya Ngamiani, ambako baiskeli na bajaji hazikuachii nafasi ya kufikiri. Probox nayo kioo chake cha nyuma ni kikubwa na kona zake zinaonekana zote. Hata mtu anayejifunza hugeuza bila kuomba msaada wa wapita njia.

Ukitoka mjini mambo hubadilika. Kupanda Amani kutoka Muheza, kwenye vipande visivyo na lami wakati wa masika, udongo unateleza kama sabuni. IST yenye magurudumu ya inchi 15 hupita mashimo kwa adabu zaidi kidogo kuliko Probox ya zamani yenye inchi 13. Probox ikiwa tupu inarukaruka nyuma. Ikipakiwa inatulia, lakini inashuka na kuanza kugusa mawe. Ndiyo maana wengi huinyanyua kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi. Fundi atakuambia haina neno. Inanyanyuka kweli, ila ukizidisha, jointi za mbele zitakwisha mapema, na kwenye kona za Mombo kwenda Lushoto utaisikia inalala kuliko ilivyozoea.

Kuna matoleo ya kuvuta magurudumu yote manne kwa zote mbili: NCP65 kwa IST, NCP55 na NCP59 kwa Probox. Zinasaidia kwenye utelezi, hazikugeuzii gari kuwa Land Cruiser. Na uzichunguze chini kwa tochi, maana nyingi zimetoka mikoa ya theluji ya Japani ambako barabara humwagiwa chumvi. Kutu ya kule ikikutana na upepo wa bahari yetu, zinaelewana haraka.

Mafuta na fundi

Hapa sitapoteza muda wako. IST yangu ya cc 1,298 ilinipa kilomita 12 au 13 kwa lita mjini, na kama 15 kwenye barabara ya Dar nikiendesha kistaarabu. Probox ya binamu, ya cc 1,496, ikiwa tupu ilikuwa pale pale. Ikiwa na mzigo ilishuka hadi 11.

Spea za zote mbili zinapatikana Tanga, na kisichopatikana kinapanda basi la usiku kutoka Kariakoo. Injini zote mbili zinatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo huna ile hofu ya mkanda kukatika njiani. Badilisha oili kwa wakati. Ukiichelewesha mara kwa mara, mnyororo huanza kulia asubuhi injini ikiwa baridi, na ukishalia hausikii dawa ya oili nzito.

Jambo moja la gia boksi. IST ya umbo la kwanza, iliyotengenezwa hadi 2007, ina otomatiki ya hatua nne, na Probox za kabla ya 2014 vilevile, ila Probox unaweza kuipata hata ya manyuo, yaani ya gia za mkono. Probox zilizotoka baada ya mabadiliko ya 2014 zina CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, na IST nyingi za umbo la pili za cc 1,496 pia. CVT ina oili yake maalumu. Fundi akikuwekea oili ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyopo, utalia. Simama pale pale usome kopo kabla halijafunguliwa.

Matairi nayo yana hesabu yake. Probox ya mizigo inataka tairi zenye alama ya LT au 6PR ubavuni, zilizoumbwa kubeba. Wengi hufunga tairi za magari madogo ya abiria kwa kuwa ni laini na zinapendeza, kisha wanashangaa zinapasuka Segera jua la saa saba.

Kununua na kuuza

IST ina wateja wengi, na hilo ni baraka na balaa. Ukiuza, simu inaita siku hiyohiyo. Ukinunua, unakuta bei imekaza, na magari mengi yamepakwa rangi juu ya makovu kwa sababu muuzaji anajua mnunuzi anaangalia mng'ao. Probox hununuliwa na watu wa kazi, nao huja na fundi wao, hulala chini ya gari, hugonga sakafu kwa kisu. Inauzika pia, ila kwa majadiliano marefu.

Usidanganyike na namba ya usajili. Namba E haimaanishi gari jipya. Herufi hizo zinaeleza lilisajiliwa lini hapa kwetu, hazisemi lilitengenezwa mwaka gani. Unaweza kukuta IST ya 2005 ina namba mpya kuliko Probox ya 2015. Fungua boneti, washa tochi ya simu, usome kibati cha chasisi: NCP60 na NCP61 ni IST ya kwanza, NCP110 ni ya umbo la pili, NCP50 na NCP51 ni Probox ya kwanza, NCP160 kwenda juu ni ile ya baada ya 2014.

Kilomita nazo zina siri. Probox nyingi hutoka Japani zikiwa zimetembea sana, 150,000 au 200,000, na watu huziogopa. Lakini kule gari la mizigo hukaguliwa na serikali kila mwaka, wakati la abiria hukaguliwa kila baada ya miaka miwili likishapita ule ukaguzi wa kwanza. Probox ya kampuni yenye kilomita nyingi na kumbukumbu za matengenezo naiamini kuliko IST yenye kilomita 60,000 na pedali iliyolika mpaka chuma.

Ukiagiza mwenyewe, hesabu ushuru kabla ya kulipa hata shilingi. Kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 18, na gari likizidi miaka minane tangu kutengenezwa linaongezewa ushuru wa uchakavu, unaokua zaidi likipita miaka kumi. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kiko mtandaoni, weka modeli na mwaka kisha uone. Na ukinunua Probox ya hapahapa, soma kadi: imeandikishwa kama gari binafsi au la biashara? Bima hufuata maandishi hayo. Kama nia yako ni kubeba abiria wa kulipa, gari lolote kati ya haya litakupeleka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuomba leseni kwanza.

Na hili nalisema kwa sababu ya bahari yetu. Binamu yangu hufuata samaki Deep Sea alfajiri. Siku moja tuliinua zulia la nyuma la Probox yake. Chini yake bati lilikuwa limevimba na kumeguka kama ukoko wa wali, kwa maji ya barafu na chumvi ya miezi yote hiyo. Kama unabeba samaki, weka trei ya plastiki ya kina, na kila jioni suuza sakafu kwa maji baridi, uache milango wazi ikauke. IST haina kesi hii kwa sababu hakuna anayethubutu kuibebesha samaki.

Sura

Dada yangu ana haki. Tunajifanya kwamba sura si hoja, huku tunamkagua mtu kwa gari alilotokea nalo. IST ina umbo la kupendeza, ukiiosha na kuivisha rimu safi inaonekana changa kuliko umri wake. Inakuvumilia harusini, inakuvumilia ofisini, na kwa dada anayeendesha peke yake usiku haimwiti mtu aombe lifti ya gunia.

Probox haipendezi, na mimi sitasema inapendeza. Ina uzuri wa jembe. Lakini ina jambo ambalo wenye magari ya kupendeza hawalijui: mkwaruzo haukuumizi. Unaegesha popote, mtoto anapitisha baiskeli ubavuni, unaendelea na maongezi. Usumbufu wake ni mwingine. Ukishajulikana una Probox, kila jirani mwenye kitanda cha kuhamisha anakujua kwa jina.

Linamfaa nani

Ukiwa mtumishi wa mjini, unakwenda kazini na kurudi, una mtoto mmoja au wawili, na mzigo wako mkubwa ni wa soko la Jumamosi, IST itakutosha, na siku ya kuuza hutahangaika. Mara mbili tatu kwa mwaka ukihitaji kubeba, kodi kirikuu.

Ukiwa na duka, genge, kazi ya ufundi au shamba Muheza, na karatasi yako ya wiki mbili inaonyesha mzigo siku tatu au zaidi kwa wiki, nunua Probox ya mizigo. Usiihurumie na usiipambe. Ziada ya fedha weka kwenye matairi ya LT na shokapu za nyuma.

Ukiwa na wazee unaowapeleka Bombo kliniki, na wakati huohuo biashara ndogo ya kubeba makreti machache, tafuta Probox ya abiria au Succeed. Itakuchukua muda kuipata, vumilia.

Ukikaa mjini lakini kila wiki unapanda Amani au unazunguka vijiji visivyo na lami, IST ya magurudumu yote manne iliyokaguliwa chini inafaa kama mko wawili watatu. Kwa mzigo mkubwa kwenye njia hizo, hakuna hata moja kati ya hizi mbili, ongeza akiba utafute gari refu zaidi kwenda juu.

Ukiwa unajifunza kuendesha, lolote utakalopata kwa bei nzuri ni sawa, ila Probox itakusamehe zaidi kwenye kona za ukuta.

Mkiwa wawili na gari ni moja, kama dada na shemeji, msiulizane gari gani ni zuri. Wao niliwaachia karatasi yenye safu mbili, watu na mzigo, tukaibandika kwenye friji. Hadi jana jioni ilikuwa na siku sita. Safu ya watu ina alama tano, safu ya mzigo ina mbili, zote za Muheza. Pembeni, kwa kalamu nyingine, shemeji ameandika: "Gunia la mkaa la mama halijahesabiwa." Na chini yake dada amejibu: "Lilikuja kwa bodaboda."